Milima ya theluji nje ya viwanja vya skii: simu, GPS ya mkononi, dira au mwongozaji?

Kijana wa Shella, Malindi
Assalaam aleikum jamaa. Januari naenda tena Trento, kaskazini mwa Italia, kwa wale wenyeji wangu wenye nyumba hapa Malindi. Misimu iliyopita niliteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, viwanjani tu, ambako theluji inasawazishwa kwa mashine na njia ina vigingi huku na huku. Safari hii wanataka tupande mlima wenyewe, mbao za skii zikiwa zimebandikwa ngozi chini zisirudi nyuma, halafu tushuke upande ambao hauna kigingi wala lifti. Nataka kujiandaa nisije nikawa mzigo kwao. Pesa niliyonayo haitoshi kila kitu, kwa hivyo nalinganisha: simu yangu hii na programu ya ramani, kifaa cha GPS cha mkononi, ramani ya karatasi na dira, au nichange nao tumlipe mwongozaji. Waliokaa huko nishaurini.

Bi Aosta
Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi ni wa Malindi, nimeolewa huku milimani. Nianze na jambo ambalo watu wa kwetu hawalijui mpaka wafike. Njia za miguu za Italia zina alama nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe na miti, kazi ya Club Alpino Italiano, chama chao cha wapanda milima. Kiangazi hata mtoto hapotei. Januari mawe yote yamefukiwa. Na hata ukiiona alama kwenye mti, usiifuate kwa sababu tu ipo. Njia ya kiangazi mara nyingi inakata ubavuni mwa mlima, na ubavu huohuo wakati wa theluji ndio unaoporomoka. Mteremko ukishafika nyuzi 30 uhesabu kuwa unaweza kukatika, uwe uko juu yake au unapita chini yake.

Kwa hivyo njia ya baridi huchaguliwa upya kila siku, kulingana na theluji iliyoanguka na upepo ulivyoisukuma. Kila siku hutolewa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, daraja la 1 hadi la 5. Jihadhari sana na la 3. Kwenye la 4 na la 5 watu wengi hubaki nyumbani, lakini la 3 huwadanganya, na ndilo lenye vifo vingi. Simu itakwambia ulipo. Haitakwambia kama theluji iliyo juu ya kichwa chako imeshika.

Ngomeni Kwetu
Dada, la maporomoko nalikubali lote. Lakini kwenye kujua ulipo, simu haina mpinzani. Sisi wa Ngomeni tumekua tukiiona minara ya San Marco baharini, ambako Waitaliano walirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988, kwa hivyo haya mambo tunayapenda. Simu za leo nyingi zinasoma satelaiti za GPS ya Marekani na za Galileo ya Ulaya kwa pamoja, wala hazihitaji mtandao ikiwa ramani umeipakua nyumbani. Tena zipo programu zinazopaka rangi kila mteremko kuanzia nyuzi 30, unaiona hatari kabla hujatoka kitandani. Karatasi haikufanyii hivyo. Kijana asitupe pesa kwenye GPS ya mkononi, simu inatosha.

Bi Aosta
Kupanga safari jioni, mezani, simu ni bora kuliko vyote, hapo tuko pamoja. Shida iko juu mlimani. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri betri inalegea: simu inasema asilimia 40, mara kioo cheusi. Ili uiguse inabidi uvue glavu. Theluji inaangukia kioo na kuyeyuka, kila tone linabonyeza lenyewe, ramani inaruka mpaka mkoa mwingine, nawe unafutia kidole ambacho hakina hisia tena. Hilo likikupata kwenye ukungu si jambo dogo. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, katika hali ya ndege, na pawabenki uiweke hukohuko.

GPS ya mkononi mimi naitetea kidogo. Ina vitufe, unabonyeza na glavu zako, na ile inayotumia betri za kubadilisha unaiwekea mpya ikazaliwa upya. Lakini kwa msafiri wa wiki mbili ni ghali.

Nahodha wa Pate
Theluji sijaikanyaga, nasema ninayoyajua ya bahari. Sisi mvuvi akitaka kurudi penye samaki hushika alama mbili zilizopangana, mnara nyuma ya mnazi, na nyingine mbili za upande. Kilele na nyumba ya wapandaji vitafanya kazi hiyohiyo, kukiwa hakuna ukungu. Kijana afunze macho yake kugeuka nyuma kila baada ya muda, maana mlima wa kurudi si ule wa kwenda.

Na ajue mbingu ya huko si yake. Malindi iko nyuzi 3 kusini ya ikweta, Trento ni 46 kaskazini. Nyota ya kaskazini ambayo huku kwetu haichomozi, kule inasimama juu, nyuzi 46 kutoka upeo wa macho. Msalaba wa kusini hatauona. Jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba halipandi zaidi ya nyuzi 20 hivi, liko kusini siku nzima, na saa kumi na nusu jioni hivi linazama. Akizoea saa za kuzama jua za huku atakutwa na giza njiani.

Swali langu kwa Bi Aosta: ukungu ukishuka, mtu anashikaje uelekeo?

Bi Aosta
Shikamoo nahodha. Hilo ndilo linalonifanya nisiiache dira. Wingu likigusana na theluji, juu na chini vinakuwa rangi moja, hakuna kivuli, hujui kama mbele ni tambarare au ni ukingo. Mnakwenda wawili. Mmoja anatangulia polepole, wa nyuma ameshika dira na kumpigia kelele: kushoto kidogo, hapo, nenda. Akifika mwisho wa kuonekana anasimama, wa nyuma anamfikia, wanaanza tena. Wa mbele anatupa donge la theluji kabla ya kusogea. Donge likitua mbele yake, kuna ardhi. Likipotea, asiongeze hatua.

Mwalimu wa Jografia, Lamu
Niongeze upande wa ramani. Achukue ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita moja. Kama kontua, ile mistari ya mwinuko sawa, zinapishana mita 25 za kimo, mistari iliyo karibu kuliko milimita 1.7 hivi ina maana mteremko umepita nyuzi 30. Akate kipande cha karatasi chenye upana huo awe anapimia. Na akipata saa inayosoma mwinuko kutokana na mgandamizo wa hewa, itamfaa sana: ukijua uko mita 2,100 na dira inakuonyesha bonde linaelekea wapi, nafasi yako kwenye ramani ni moja au mbili tu. Aiweke sawa kila afikapo mahali penye mwinuko unaojulikana, maana hali ya hewa ikigeuka nayo hupotoka.

Watamu Kisiwani
Jamani mbona hakuna aliyetaja sheria? Tangu tarehe 1 Januari 2022, Italia inamlazimu anayepanda kwa skii au viatu vya theluji penye hatari ya maporomoko awe na vitu vitatu: ARTVA, yaani kifaa cha mwilini kinachotuma ishara ukifukiwa, fimbo ndefu ya kuchomekea theluji, na sepetu. Aliyefukiwa huokolewa na wenziwe waliopo palepale. Nafasi ya kutoka hai inashuka mno baada ya dakika 10 hadi 15, na helikopta ya uokoaji, ile ya namba ya dharura 112, haijafika. Ndugu yangu, pesa yako ianzie hapo. Vinakodishwa kwenye maduka ya skii. Kisha fanya mazoezi ya kutafuta kifaa kilichozikwa, na mwenyeji wako afanye nawe.

Halafu mwongozaji. Mimi nilikuwa nikiona ni anasa ya watalii, lakini Bi Aosta amesema simu haijui kama theluji imeshika, na mwenye kujua theluji ya wiki iliyopita ni mwongozaji tu. Mkiwa wanne au watano bei mnagawana.

Ngomeni Kwetu
Hapo nimeshindwa kwa haki. Ila simu asiiache. Na asiibane kifuani pamoja na ARTVA: ziachane sentimita 20, na wakati wa kumtafuta aliyefukiwa ziachane sentimita 50, la sivyo ishara inavurugika.

Kijana wa Shella, Malindi
Nawashukuru nyote, nahodha shikamoo. Nimeamua hivi: ARTVA, fimbo na sepetu nitakodi, siku za kwanza tutamlipa mwongozaji, simu nitapakua ramani kabla ya kupanda, na nitanunua ramani ya karatasi na dira. GPS ya mkononi naiacha. Swali la mwisho, dira niinunue Mombasa kabla ya kuruka au huko?

Nahodha wa Pate
Marahaba mwanangu. Nunua huko. Sumaku ya dunia huku kwetu inaivuta sindano kidogo tu, tena ncha ya kusini ndiyo inayoinama. Italia inaivuta sana, na ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama. Dira iliyosawazishwa kwa huku, ukiifikisha kule sindano yaweza kukwaruza kioo ikagoma kuzunguka.

Bi Aosta
Kweli kabisa. Na ukiishaipata, muulize muuzaji akuonyeshe jinsi ya kurekebisha tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya ramani. Kwa Trento ni karibu nyuzi 4 mashariki.