Naombeni ushauri, kibanda umiza cha baba mdogo nikiuze au nipambane nacho?

Habari zenu wakuu, nipo Kirumba hapa Mwanza. Baba mdogo kaniachia kibanda umiza chake cha kuonyeshea muvi na mpira, mabenchi ya mbao, bati juu, projekta moja na spika mbili, enzi zile za kanda za Lufufu, yule aliyekua anatafsiri muvi za nje kwa Kiswahili, watoto walikua wanachungulia hadi kwenye matundu ya bati. Sasa hivi muvi watu wanaangalia kwenye simu, nikiweka ya Kihindi saa kumi wanakuja sita au saba tu, kinachojaza ni siku Simba na Yanga wanacheza au ligi ya Uingereza, zikisimama na mimi nimesimama. Na kuna mzee anataka kukinunua afanye stoo ya dagaa, si mnajua tena tupo karibu na soko la samaki la Mwaloni.

Roho inaniuma kweli, maana kule Dar kumbi za sinema za Avalon na Empire zilishaacha kuonyesha na mjini ukitaka sinema unaenda mall, mtu wa mtaani atamudu?

Nimewaza jioni niweke muvi za Kibongo, jumamosi za watoto. Sheria ya filamu ya 1976 inataka leseni ya ukumbi, aliyewahi kuikata anielekeze inaanzia ofisi gani, na haki ya kuonyesha muvi naongea na nani? Mzee anataka jibu ijumaa.