Tundu la Type-C linakataa waya wa C kwa C, naomba msaada

Mtotoleshaji
Wakuu habari za muda huu. Natengeneza kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, natumia ESP32 ya kawaida (chipu ya kompyuta ndogo yenye Wi-Fi) na sensa ya joto ya DHT22. Bodi ilikuja na tundu la micro USB, nami siliamini kwa kifaa kitakachochomekwa na kuchomolewa bandani kila mara. Nikanunua kibodi kidogo cha tundu la Type-C chenye matobo 6: VBUS (chanya ya umeme), GND (hasi), D+ na D- (za data), CC1 na CC2. VBUS nimeipeleka kwenye pini ya 5V ya ESP32, GND kwa GND.

Nikitumia waya wenye kile kichwa kipana cha zamani upande wa chaji, taa ya bodi inawaka. Nikitumia C kwa C, kimya. Nimepima VBUS, sifuri kabisa, wakati chaji hiyohiyo na waya huohuo vinachaji simu vizuri. Je, ninunue vile vibodi vya kuomba volti? Na naweza kuingizia programu kupitia tundu hilohilo? Naomba kuwasilisha.

Pasi_Moto
Mkuu, hakuna kilichoungua. Tundu la zamani linatoa volti 5 muda wote, uchomeke kitu au usichomeke. Chaji ya Type-C inasubiri kwanza: inaangalia CC, pini ya kutambua kilichochomekwa, kama upande wa pili kuna rizista ya 5.1k (ohm 5,100) iliyokwenda GND. Ikiiona, inafungulia umeme. Wewe CC zako zinaelea hewani, kwa hiyo kwa chaji ni kama hakuna kilichochomekwa.

Weka 5.1k kutoka CC1 kwenda GND, na nyingine kutoka CC2 kwenda GND. Kuna vibodi vinavyouzwa vikiwa nazo tayari, chako inaonekana hakina.

Mtotoleshaji
Asante sana mkuu. Hapa nina 5.1k moja tu. Nikiunga CC1 na CC2 pamoja kisha rizista moja?

BintiSaketi
Kaka, hapo usithubutu. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilipotoka 2019 ilikuwa hivyohivyo, CC mbili zimeungwa kwenye rizista moja. Nyaya za kawaida zilifanya kazi, lakini zile zenye chipu ndani, kama za kuchajia kompyuta mpakato, zilifanya chaji idhani imechomekewa kifaa cha sauti, ikagoma kutoa umeme. Ikabidi bodi irekebishwe. Kila CC na rizista yake. Kama 5.1k hazipatikani, unga 4.7k na 390 kwa mfululizo, unapata 5.09k.

Vibodi vya kuomba volti huvihitaji. Hivyo ni vya mtu anayetaka volti 9, 12 au 20. Kikikaa kwenye 12 kwa bahati mbaya, umeipeleka moja kwa moja kwenye pini ya 5V ya ESP32. Rizista 2 zitakupa volti 5 tu, ndicho unachohitaji.

Pasi_Moto
Nakazia. Na kuhusu programu: ESP32 ya kawaida haina USB ndani yake, inategemea chipu ya kutafsiri USB, CP2102 au CH340, iliyo kwenye bodi. Kwa hiyo D+ na D- za kibodi chako ziache. Ukitaka tundu moja lifanye yote, hamia ESP32-S3: D- inakwenda pini ya GPIO19, D+ pini ya GPIO20. Kwa sasa programu ingiza kwa micro USB, ila ukiwa unafanya hivyo chomoa Type-C. Usiilishe bodi umeme kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Mtotoleshaji
Wakuu, nimeweka rizista 2, taa ya bodi imewaka kwa C kwa C! Nimegeuza kichwa cha waya, bado inawaka. Lakini nikipima CC1 napata volti 1.68, CC2 sifuri. Nikigeuza waya zinabadilishana. Ni sawa?

BintiSaketi
Ni sawa kabisa, waya una CC moja tu inayopita. Hiyo 1.68 ni habari njema: chaji inakuambia inaweza kutoa hadi ampea 3. Ungepata kama 0.9, ni ampea 1.5. Ikiwa kama 0.4, ni ile ya kawaida ya USB, usitegemee zaidi ya miliampea 500, na ESP32 Wi-Fi ikiwaka inaweza kukaribia hapo.

Sasa hangaikia uimara. Kibodi kisishikiliwe na nyaya tu, kifunge kwa skrubu kwenye boksi. Weka fyuzi ndogo inayojirudisha kwenye VBUS. Na kama taa za joto ni za umeme wa TANESCO, relei (swichi inayowasha taa hizo) na nyaya zake zikae upande mwingine wa boksi, mbali na tundu hili ambalo mtu atalishika kwa mkono.

Mtotoleshaji
Taa ni za umeme wa nyumba ndiyo, na relei iko sentimita chache tu kutoka kwenye tundu. Naihamisha leo kabla sijaweka mayai.