Wanajua jibu la kuzidisha, ila hawawezi kulieleza

Mwl_DarasaLaTatu: Wanafunzi wanajibu 7 × 8 = 56 papo hapo. Ukiuliza "umejuaje?" wanasema "nimekariri". Niulize vipi ili nione wanavyofikiri?

Chaki: "Umejuaje" ni swali pana mno. Uliza: "Ungesahau 7 × 8, ungeanzia wapi?" Wengi huanzia 7 × 7 = 49. Hapo sikiliza kwa makini. Anayeongeza 7 anajua limeongezeka fungu moja la 7. Anayeongeza 8 na kupata 57 amechanganya idadi ya mafungu na ukubwa wa fungu. Usimsahihishe kwa mdomo. Achore safu 7 za nukta saba saba, kisha aongeze safu ya nane na kuhesabu nukta zake.

Mstatili: Naunga mkono michoro, hasa kwa tarakimu mbili. Kwenye 14 × 12 wengi huandika 10 × 10 + 4 × 2 = 108, na maelezo yao husikika sawa kabisa! Chora mstatili, upande mmoja ugawe 10 na 4, mwingine 10 na 2. Vinatokea vyumba vinne: 100, 20, 40 na 8, jumla 168. Mtoto ataonyesha kwa kidole vyumba viwili alivyoviacha.

Chaki: Na "kuzidisha kwa 10 ni kuweka sifuri" usiikubali kama maelezo. Itamwangusha kwenye 2.5 × 10. Aseme kila tarakimu inahamia nafasi moja kushoto.