MGB ya 1970 inatetemeka: ni magurudumu au bodi?

Mtaka Upepo
Wakuu, habari za wikiendi. Nina MGB, kigari cha Kiingereza cha wazi, ya 1970, rimu za spoki. Mjini haina shida. Nikitoka Moshi kuelekea Boma Ng'ombe, ikigusa 85 usukani unaanza kutetemeka, nikipita 100 unatulia. Hiyo moja. Ya pili ndiyo inaninyima raha: kwenye rasta (vile vituta vidogo vya barabarani), hata kwa 40, dashibodi inacheza, kioo cha mbele kinacheza, boneti nayo inaenda kivyake. Fundi anasema ninunue shokapu zote nne. Zinaagizwa nje na bei si ya kitoto. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mzee wa Spoki
Usinunue kitu kwanza. Hayo ni magonjwa mawili, na unataka kuyapa dawa moja.

Mtetemo unaokuja 85 na kuondoka 100 ni wa kitu kinachozunguka. Ukiwa kwenye 90, barabara tupu, weka nyutro. Mtetemo ukiendelea, injini haimo. Nenda kwenye magurudumu na propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma. Usukani ukitetemeka, shuku mbele. Kiti kikitetemeka, shuku nyuma na krosi za propela. Gonga spoki moja moja kwa spana: iliyokaza inalia kengele, iliyolegea inatoa sauti ya bati bovu. Halafu uliza balansi ilifanywaje. Rimu hizi zinakaa kwenye meno na koni, hazina nati nne. Mashine isiyo na koni zake inashika gurudumu upande, na namba unazosomewa ni za uongo.

Dada Gereji
Naongezea upepo. Vijana wa tairi wanakupigia 35 bila hata kuuliza. Hii kigari kitabu chake kinataka 20 na kitu mbele. Ikijazwa kama Noah lazima ikurushe.

Kutu Haina Adabu
Mimi linalonitisha ni la rasta. MGB haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo chesisi, na paa la kuishika hakuna. Mzigo unabebwa na tuta la katikati linalopitisha propela pamoja na maboksi mawili ya chini ya milango. Kila boksi lina bati la nje, la ndani, na jingine limesimama katikati. Hilo la katikati likiliwa na kutu, nje rangi inang'aa tu.

Tazama nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi. Piga jeki upande huo, kwenye sehemu yake ya jeki, magurudumu yainuke. Tazama tena. Nafasi ikibadilika, au mlango ukigoma kufunguka, bodi inajikunja. Kisha pitisha sumaku kwenye boksi, karibu na gurudumu la nyuma. Isiposhika, hiyo ni puti iliyojazwa, si bati.

Mtaka Upepo
Nimerudi. Kwenye nyutro iliendelea kutetemeka, na gurudumu la mbele kushoto lina spoki kadhaa zimelegea. Mlango wa kulia umegoma gari likiwa juu ya jeki, sumaku nayo imeanguka yenyewe. Fundi anasema abandike bati jipya juu ya la zamani.

Kutu Haina Adabu
Akatae kazi kuliko kufanya hivyo. Bati la nje linaingia nyuma ya madigadi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo lazima akate chini ya madigadi ndipo alifikie lote. Kabla ya kukata, achomelee bomba kwenye uwazi wa mlango ili usijifunge. Upande mmoja umalizike kabisa ndipo aguse wa pili. Mtikisiko kidogo utabaki, hata zilizotoka kiwandani Abingdon, Uingereza, zikiwa mpya zilikuwa nao.

Mzee wa Spoki
Na bolti za shokapu za mbele zikazwe, maana mkono wa shokapu ndiyo mkono wa juu wa gurudumu. Angalia pia raba za ile kroso ya mbele (mhimili unaoshika magurudumu ya mbele), na kile kifimbo cha katikati ya kioo kinachoshika kioo cha ndani cha kutazama nyuma.

Mtaka Upepo
Kushoto sumaku imeshika kwa kusuasua. Aanze upande upi?

Kutu Haina Adabu
Uliogoma mlango.