Ushauri: Msumeno wa kupasulia mbao wenye diski moja au wenye diski nyingi?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, karakana yetu hupasua mbao za unene wa milimita 50 kwa urefu ili kupata vipande vya fremu. Kwa sasa tunasukuma kila ubao kwa mikono kwenye msumeno wa meza; kazi inakwenda polepole, mkato unapinda na kingo zinaungua. Tunataka mashine ya kiwandani inayovuta mbao yenyewe. Je, tuchukue yenye diski moja na mnyororo wa kuvutia mbao, au yenye diski nyingi kwenye shafti moja?

Mpasuaji: Angalieni kwanza mbao zenu. Diski nyingi zina faida pale ambapo mbao zina upana unaolingana na oda ni ya vipimo vilevile, kwa kuwa katika mashine nyingi za aina hiyo kubadilisha nafasi kati ya diski hulazimu kusimamisha kazi na kufungua shafti. Mbao zikija na upana tofauti, vifundo na kingo zisizonyooka, diski moja yenye mnyororo inafaa zaidi: hunyoosha ukingo kwanza, kisha fundi huamua kila mkato upite wapi. Tena, kila diski inayoongezwa hudai mota yenye nguvu zaidi.

Mnoa Misumeno: Naomba msipuuze upana wa mkato, yaani sehemu ya mbao ambayo diski huigeuza unga, kwa sababu hapo ndipo mbao nyingi hupotea bila mtu kuona. Chukueni ubao wa milimita 250 wenye kingo zilizonyooka, mkitaka vipande vya milimita 25. Mkato wa milimita 4 utawapa vipande 8, lakini mkato wa milimita 3 utawapa 9, kwa kuwa vipande hivyo na mikato yake 8 huchukua milimita 249. Hata hivyo, diski nyembamba huyumba ikilazimishwa kwenda haraka.

Mleta mada: Ahsanteni sana. Na kuungua kwa kingo, je, kutaisha tukipata mashine mpya?

Mnoa Misumeno: Si lazima. Kagueni kama meno ni butu au yameganda utomvu, kama kiongozi cha pembeni, ambacho ubao huegemea ukipita, kiko sambamba na diski, na kama mnatumia diski ya kukatia kwa upana. Diski ya milimita 250 ya kupasulia huwa na meno 24 hadi 30 hivi, yenye nafasi kubwa za kutolea unga. Yenye meno 60 au 80 husugua mbao na kuichoma.

Mpasuaji: Vyovyote mtakavyochagua, msinunue mashine isiyo na makucha ya kuzuia mbao kurudi nyuma, na asisimame mtu yeyote kwenye mstari wa nyuma ya ubao unaoingia. Mfumo wa kufyonza vumbi nao uwekwe siku ileile mashine inapofungwa, kwa kuwa vumbi la mbao limeainishwa tangu mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa linasababisha saratani kwa binadamu.

Mleta mada: Mbao zetu hazilingani upana, kwa hiyo tutachukua ya diski moja, na wiki hii tutabadilisha diski ya msumeno tulio nao.