Naomba ushauri: kuhamia E15 kwenye tangi lililokuwa la E10

Wakuu, naombeni ushauri. Kituo kipo Marekani, kinauza E10 (petroli yenye ethanoli hadi 10%), na mwenyewe anataka kuweka E15 (yenye hadi 15%) kwenye tangi lile lile la chini ya ardhi, galoni 10,000.

Kwanza sheria. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, sehemu nyingi za nchi, mgandamizo wa mvuke wa petroli vituoni hautakiwi kuzidi psi 9.0 (pauni kwa inchi ya mraba), maana mvuke huo ukipigwa na jua huchangia ozoni. E10 imeruhusiwa kuzidi kikomo hicho kwa psi 1. E15 haikupewa nafasi hiyo, ingawa mvuke wake hauzidi wa E10, jambo ambalo kwangu halina mantiki. Tangu 2022 EPA, shirika la mazingira la Marekani, imekuwa ikiipa E15 msamaha wa dharura wa siku 20 na kuurudia kiangazi. Mkataba na msambazaji unaandikwaje juu ya ruhusa ya siku 20?

Pili, maji. E10 hubeba takriban 0.5% kwa nyuzijoto 15. Yakizidi, ethanoli huyafuata hadi chini, na petroli inayobaki juu hupungua oktani (kipimo cha uwezo wa kuzuia injini kugonga). Dawa ya kawaida ya kupaka kwenye kijiti cha kupimia hailionyeshi vizuri tabaka hilo, hivyo tumepanga ile ya mafuta yenye ethanoli, na filta za maikroni 10 zinazoziba zikigusa maji.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni gundi za viungo vya mabomba na mipira ya pampu, ambavyo hati zake zinaishia ethanoli 10%. Aliyewahi kuvibadilisha alianzia wapi, na mkaguzi alidai hati gani?