Naomba ushauri: nataka kuacha mshahara mzuri nirudi Lushoto

Habari zenu wakuu. Nina miaka 38, mke na watoto wawili. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha Dar, gari ninalo, nyumba Kibaha imeisha. Lakini natoka saa kumi na nusu alfajiri, narudi saa nne usiku. Juzi binti yangu wa miaka minne alimuuliza mama yake, "Leo baba atalala hapa?" Nalala hapo kila siku. Tangu hapo usingizi hauji vizuri.

Mke yuko tayari twende Lushoto tukalime karoti na kabichi kwenye shamba la marehemu baba. Kaka zangu wamekuja juu, wanasema nimerogwa. Bhutan wameiweka furaha ya wananchi hadi kwenye katiba yao ya 2008. Kwetu ukiitaja unaonekana mvivu, na inaniuma. Kinachonishika hasa ni mdogo wetu, yuko chuo mwaka wa pili na ada natoa mimi.

Mlioacha mshahara mkiwa na wategemezi, mliondoka mara moja au mlisubiri ada iishe? Na ndugu mliwaambiaje?